Mikono Kwanza, Kilo Baadaye

Kijana akipangwa safu ya mbele ya ulinzi kwenye futiboli ya Kimarekani, swali lake la kwanza ni moja: nile nini nijae? Si swali baya, ila limewahi mno. Wengi ninaowafundisha wana miili tayari. Wanachokosa ni mikono.

Mpira ukianza tu, yule aliye mbele yako anatafuta kifua chako. Akishakamata jezi kwa ndani, ambako refa haoni vizuri, uzito wako wote anautumia yeye. Kwa hiyo mkono wako utangulie: viwiko karibu na mbavu, mpige kwenye kifundo cha mkono, kisha nyonga yako ipite palepale mkono wake ulipotoka. Wengi hupiga vizuri halafu wanasahau nyonga, wanabaki wamesimama. Rudia polepole mpaka uchoke nayo. Na macho yakae kwenye mpira, usisikilize sauti ya kwotabeki, yule wa timu pinzani anayeanzisha mchezo na kurusha mpira. Anabadilisha mwito makusudi ili uvuke mstari mapema, na ukivuka timu yako inapoteza yadi 5.

Mtazame Aaron Donald, aliyecheza safu hiyo hiyo. Maskauti, yaani wasaka vipaji, walimwona mfupi kwa kucheza katikati ya safu, timu ya Rams ikamchukua wa 13 timu zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2014. Akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi wa NFL, ligi kuu ya mchezo huu, mara tatu: 2017, 2018 na 2020. Msimu wa 2018 alimwangusha kwotabeki mara 20.5 (hiyo nusu ni ya kugawana na mwenzako). John Randle naye hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 1990, na leo yumo kwenye Ukumbi wa Mashuhuri.

Lakini usidhani kazi ni kuangusha makwotabeki. Mara nyingi unabanwa na watu wawili, na kazi yako ni kutosogea ili mwenzako wa nyuma apite amkamate mkimbiaji. Mtangazaji atalitaja jina lake. Kocha atakuona wewe kwenye video, na yeye ndiye anayepunguza kikosi hadi watu 53 kabla ya msimu.

Kuhusu pesa: ukisikia mkataba wa mamilioni, uliza kwanza ni kiasi gani kimedhaminiwa. Kisichodhaminiwa, timu ikikuacha, hukioni. Na ukigongwa kichwa ukaona ukungu, mwambie daktari siku hiyo hiyo, hata kama unagombea namba.