Jinzi nzito ivae kazini

Karakanani kwetu wapo vijana wanaokuja kuchomelea mageti na suruali nyepesi za kuvutika, halafu jinzi nzito ya pamba wameiacha nyumbani ikisubiri Jumapili. Nawaomba wafanye kinyume. Jinzi ile ilianza kama nguo ya kazi. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, alipigilia ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko kwa sababu suruali za vibarua zilikuwa zikichanika hapo, na Mei 1873 yeye na Levi Strauss, mfanyabiashara wa vitambaa, wakapewa haki ya uvumbuzi huo Marekani.

Kwa anayeshika grenda, jambo la kwanza ni pamba. Cheche ikitua kwenye pamba nzito inaacha kitundu au doa jeusi. Ikitua kwenye poliesta, kitambaa kinayeyuka na kugandia ngozi, na kukibandua hapo ni kubandua na ngozi yenyewe. Kwa hiyo ukiwa Karume pale Ilala unachambua mitumba, usianze na jina lililoandikwa kiunoni. Geuza suruali, soma lebo ya ndani, tafuta neno cotton likiwa na 100%. Lebo imekatwa? Shika kitambaa pale pajani, kivute kwa mapana. Kikivutika na kurudi kama mpira, rudisha kwenye fungu hata kama jina lake ni kubwa.

Baada ya hapo pima uzito kwa mkono. Wenzetu wanaozifuatilia sana jinzi huhesabu wakia kwa yadi ya mraba, na kwa kazi za chuma au useremala wakia 12 hadi 14 zinatosha, yaani kama gramu 400 hadi 475 kwa mita ya mraba. Kwa joto la Dar es Salaam mimi nabaki na 12. Nzito zaidi ya hapo ikilowa jasho inachubua mapaja, na mtu aliyechubuka hachuchumai vizuri.

Ukibahatika kukuta suruali ya turubai ya Carhartt yenye goti la tabaka mbili, nunua, hata kama ina madoa ya rangi. Kampuni hiyo ya Marekani ilianzia Detroit mwaka 1889 ikiwashonea wafanyakazi wa reli, na tabaka lile la pili liko pale unapopigia goti siku nzima.

Sasa kuna ushauri unaozunguka mtandaoni kwamba jinzi ya gharama isifuliwe kwa miezi, ili ipauke vizuri. Anayefanya kazi ya mikono asiufuate. Mchanga na unga wa chuma ukikaa ndani ya kitambaa unasaga nyuzi kila unapokunja goti. Grisi ni mbaya zaidi, maana pamba iliyolowa mafuta inashika moto haraka. Fua kila inapochafuka, uigeuze nje ndani, uianike kivulini. Jiki usiiguse, inaifanya pamba iwe dhaifu.

Pindo la chini lisikunjwe kwa nje unapochomelea, kwa sababu cheche zinaangukia humo na kukaa. Liache lishuke lifunike mdomo wa buti. Nyuzi zinazoning'inia kata kabla hujawasha grenda. Na hizi jinzi za kuchanwachanwa magotini ziacheni kabisa nje ya karakana, ndugu zangu. Diski ikinasa uzi inavuta na mguu.

Kwenye zege ndipo jinzi inaposhindwa, na hili naliweka wazi kwa wajenzi. Kitambaa kinanyonya maji ya saruji na kuyashikilia kwenye ngozi, na saruji mbichi inaunguza polepole bila wewe kusikia maumivu mapema. Vaa gambuti, piga goti juu ya ubao, na suruali ikilowa ivue uoshe mguu kwa maji mengi saa hiyohiyo, usingoje jioni.

Kiraka nacho kisisubiri tundu. Goti likianza kuwa jeupe na laini, mpelekee fundi cherehani, aweke kipande cha jinzi kuukuu kwa ndani na kushona mistari ya karibukaribu kwa uzi mnene. Mwambie apitilize kidogo nje ya sehemu iliyolika, kwa sababu mshono ukiishia kwenye kitambaa chembamba utachanikia hapohapo.