Chuo kisicho na karo: kweli au utapeli?

SWALI: Binti yangu amemaliza S.6 (kidato cha sita) akiwa na mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Jirani amemwambia kuna chuo Marekani, Berea, ambacho hakitozi karo. Mimi nanusa utapeli. Hizo pesa wanatoa wapi? Na anaweza kusomea udaktari huko? – Mzazi, Bombo

JIBU: Chuo kipo, mzazi, katika jimbo la Kentucky, na karo kiliiacha mwaka 1892. Utapeli huingia kwa mlango mwingine: Berea hawatozi ada ya maombi, hivyo wakala anayedai "hela ya fomu" ni mwizi, basi.

Sehemu kubwa ya pesa hutoka kwenye mfuko wa akiba ya chuo. Mwaka 1920 wadhamini waliamua kwamba urithi wowote unaoachiwa chuo bila masharti uingie kwenye mfuko huo, na faida yake ndiyo inayosomesha watoto. Wengi hudhani kazi za wanafunzi ndizo zinazolipa karo. Sivyo, ila kazi ni lazima: kila mwanafunzi hufanya angalau saa 10 kwa wiki, awe maktaba, jikoni, shambani au karakana ya kutengeneza fagio. Hulipwa ujira mdogo na hupimwa utendaji wake. Asiyependa kushika fagio asiombe. Mwenye uwezo naye asiombe, kwani huchukua wenye kipato kidogo tu.

Tabia ya kuwafungulia mlango wanyonge ni ya tangu mwanzo. John G. Fee, mtoto wa mmiliki wa watumwa aliyegeuka kuupinga utumwa, alianzisha shule hiyo mwaka 1855 ili weusi na weupe, wake kwa waume, wasome pamoja. Mwaka 1859 watetezi wa utumwa wakawafukuza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha wakarudi, na 1866 walikuwa na wanafunzi 187, weusi 96 na weupe 91. Mwaka 1904 Kentucky ikatunga sheria ya kuwatenganisha. Chuo kikaenda mahakamani hadi Mahakama Kuu ya Marekani, kikashindwa 1908. Weusi hawakurudi hadi 1950. Carter G. Woodson, mwanahistoria aliyeanzisha wiki ya historia ya watu weusi, aliwahi kuhitimu hapo 1903, kabla ya sheria hiyo.

Kuhusu udaktari, hapana. Hapa Uganda binti yako anaingia MBChB, shahada ya udaktari, moja kwa moja kutoka S.6. Kule atasoma kwanza miaka minne ya elimu pana, historia na fasihi zikiwa pamoja na biolojia, kisha aombe shule ya udaktari kwingine, miaka minne mingine, kwa gharama ambayo Berea hawailipi, na shule hizo huchukua wageni wachache mno. Kama nia yake haibadiliki, chuo kikuu cha Makerere au cha Mbarara ni njia fupi. Kama bado anatafuta la kusomea, Berea inamfaa, ingawa nafasi za wageni ni chache.

Akiomba, fomu ya kipato ijazwe kwa ukweli, hata kama mapato ni ya kibanda cha soko; kuacha wazi hukwamisha maombi. Akipata nafasi, chuo kitamtumia I-20, fomu inayothibitisha nafasi yake na nani anamlipia, kisha atalipia SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wageni, dola 350, ajaze DS-160, fomu ya kuomba viza, na aende usaili wa viza kwenye ubalozi wa Marekani, Kampala. Ofisa atauliza nani anamlipia; jibu limo ndani ya I-20, ailete. Majina kwenye pasipoti na vyeti vya UNEB (baraza la mitihani la Uganda) yalingane herufi kwa herufi. Kama hayalingani, anzeni kurekebisha sasa, kabla ya maombi.