Punje za chuma chepesi hazipungui kwa moto

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasubu meno ya kijiko, yale ya kuchimbia. Nimejaribu chuma chepesi: manganizi asilimia 30, alumini 9, kaboni 0.9. Jino likavunjika, na ndani nikakuta punje kubwa kama chumvi ya mawe. Nikilipasha moto upya zitapungua? – Fundi, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hazitapungua. Niliwahi kumaliza wiki nzima nikipasha na kupoza vipande vya chuma cha namna hiyo. Kila nilichokivunja kilikuwa na punje zilezile, ndefu, zimetoka ukuta wa kalibu kwenda katikati, zimepangana kama fito za ua.

Chuma cha kawaida chenye kaboni kidogo hubadili mpangilio wake wa ndani kinapopoa. Ukikipasha tena hadi nyuzi 900 na ushei, huzaa punje mpya. Chako hakina uzazi wa pili. Manganizi na kaboni hukishikilia katika hali ya osteniti, yaani mpangilio ambao chuma cha kawaida huwa nao kikiwa cha moto sana tu, tangu kinapoganda hadi unapokishika mkononi. Ungekuwa unakifua, nyundo ingekusaidia kuzivunja punje. Wewe unasubu tu, basi punje ya kalibuni ndiyo utakayozeeka nayo.

Kwa hiyo shughuli yote iko kabla ya kumimina. Alumini ndiyo inayokupa wepesi: kila asilimia 1 hupunguza takriban gramu 0.1 kwa sentimita moja ya ujazo, na chuma cha gramu 7.8 hushuka hadi karibu 6.8. Lakini alumini huvuta upande wa feriti, ule mpangilio wa chuma cha kawaida kilichopoa. Ukiizidisha, au ukipunguza kaboni na kuiacha alumini vilevile, utapata punje za aina mbili ndani ya jino moja. Kila ukigusa moja, pima na nyingine.

Tia titani kidogo sana. Hushikana na kaboni na naitrojeni, zikawa chembe ngumu ambazo punje huanzia hapo kuganda. Ukiizidisha, chembe hurundikana na jino hukatikia pale zilipo. Halafu hukuniambia unamimina kwa joto gani! Joto likipitiliza, punje hurefuka hata mchanganyiko ukiwa sawa.

Kagua pia fosforasi kwenye vyuma chakavu unavyoyeyusha. Hukimbilia mipaka ya punje, na punje zikiwa kubwa mipaka ni michache, kila mmoja ukabebeshwa zaidi.

Niletee hilo jino. Lifunge kwa kitambaa chenye oili, pale lilipovunjika pasishike kutu.