Uliyemaliza shule ya filamu, usimpe huyo prodyuza skripti

Usimpelekee. Nimesoma uzi wako mpaka pale prodyuza anapotaka umwachie skripti zote 13 za tamthilia yako, ushuti pailoti (kipindi cha majaribio) kwa hela yako, halafu "mkataba tutaongea chaneli ikikubali", chai ikanipalia. Hiyo kauli naijua. Niliambiwa na jamaa aliyevaa miwani inayozidi kodi yangu ya chumba.

Nikampa flashi. Nikamwekea na historia za wahusika wote na mwelekeo wa msimu wa pili, eti nionekane nimefikiria mbali. Hela ya kushuti nikakopa kwa shemeji. Baada ya hapo simu hazipokelewi. Baadaye niko sebuleni kwa shemeji huyo huyo, tamthilia mpya inaanza, namsikia mhusika anagomba kwa maneno ya marehemu bibi yangu, hakuna lililobadilishwa. Majina yakapita. "Hadithi na": yeye. Mimi niko kwenye shukrani, chini ya mama ntilie aliyetupikia wali, na jina wamelikosea. Shemeji akauliza, "Huyu si wewe?" Nikamwambia majina hufanana.

Na tuzo ikachukua! Jamaa akapanda jukwaani kwa suti, akamshukuru Mungu na mkewe.

Ninayemlaani zaidi ni mwalimu wetu wa uandishi. "Anzeni kujulikana, hela itawafuata." Pembe za kamera katufundisha mpaka tukaziota, kusoma mkataba hata kipindi kimoja hamna. Mimi ilinifuata, ila ni deni.

Umemtaja Matthew Weiner, mwandishi wa Marekani, kwamba katoka shule ya filamu ya chuo cha USC na tamthilia yake ya Mad Men ikabeba Emmy, tuzo ya televisheni ya kule, ya tamthilia bora mara nne mfululizo, 2008 hadi 2011. Sawa. Ila skripti ya kwanza ya Mad Men ilizunguka miaka ikiwa na jina lake juu. David Chase, mwenye tamthilia ya The Sopranos, akaisoma, akamwajiri kuiandikia hiyo ya kwake. Na kule chama cha waandishi ndicho huamua nani aandikwe mwandishi wa skripti. Sisi tuna grupu la WhatsApp.

Kwa hiyo saini kwanza. Sheria yetu ya Hakimiliki Tanzania ya 1999 hailindi wazo ulilosimulia kwa mdomo, inalinda kazi uliyoiandika, basi kasajili skripti COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujamwona mtu. Mkataba utaje kwa maandishi "Hadithi na" fulani, jina lako kamili. Utaje nani analipia pailoti, na msimu wa pili ni wa nani. Akisema "hatuaminiani?", mwambie hapana.

Kamera uliyouliza sijui, azima yoyote. Mambo ya masters waulize wenye ada.

Jumatatu ukienda kwake beba muhtasari wa kurasa mbili. Flashi iache nyumbani, na akiomba umtumie kwa email, mwambie bando limeisha.