Kwa nini televisheni zilikuwa zikifunga matangazo usiku?

SWALI: Zamani vituo vya televisheni vilifunga matangazo usiku kwa wimbo wa taifa, kisha ikabaki picha isiyosogea pamoja na mlio mmoja mrefu. Je, vipindi vilikuwa vimekwisha? Na picha ile ilikuwa na kazi gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Uhaba wa vipindi na gharama za mitambo vilichangia, lakini nchini Uingereza, ambako habari hii inafahamika vizuri, aliyeamua saa za matangazo ni Serikali yenyewe, kupitia waziri mwenye dhamana ya Posta, mpaka masharti hayo yalipoondolewa mwaka 1972. Hadi Februari 1957 vituo vililazimika hata kunyamaza kati ya saa 12 jioni na saa 1 usiku ili wazazi wawalaze watoto wao. Nia ilikuwa njema, ila ITV ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1955 kwa kutegemea matangazo ya biashara, iliona saa nzima ya mapato ikipotea kila jioni, nayo ikashinikiza hadi sharti hilo likafutwa. Uhaba wa nishati ulipoikumba nchi hiyo, Desemba 1973, vituo viliamriwa tena kufunga mapema, saa 4:30 usiku.

Ile picha, kwa kweli, haikuwa pambo. Mafundi waliitumia kupima mitambo, na wenye maduka ya televisheni waliihitaji mchana, wakati hakuna vipindi, ili warekebishe seti na antena za wateja. Maarufu kuliko zote ni ile ya BBC ya mwaka 1967, yenye msichana Carole Hersee, binti wa mhandisi aliyeibuni, pamoja na mwanasesere wake: duara lililowazunguka lilionyesha kama umbo la picha limepinda, ngozi ya uso ilionyesha kama rangi ni sahihi, na alama ya X kwenye ubao wa mchezo uliokuwa pichani ilikuwa katikati kabisa ya kioo. Mlio nao uliwasaidia mafundi kupima sauti, na ulimwamsha aliyesinzia azime seti yake, jambo lisilo dogo, kwani seti za zamani zilipata joto kali na watangazaji wa ITV walikuwa wakiwakumbusha watazamaji kuzizima.

BBC One iliacha kufunga matangazo Novemba 1997, ilipoanza kurusha usiku kucha taarifa za chaneli mpya ya habari ya shirika hilo.