Uliza Msafiri: Siku Moja Tu Japani, Twende Wapi?

SWALI: Dada, hujambo? Sisi ni akina mama wa chama kimoja hapa South B. Tumechanga kwa muda mrefu, na Aprili tutakuwa Tokyo kwa harusi ya binti ya mwenzetu. Shughuli za harusi zimetuachia siku moja ya kutembea. Wengine wameshikilia Kyoto, eti ukienda Japani bila kuiona Kyoto ni kama hukwenda. Mimi nahofia mwendo, tena mwenzetu mmoja ana goti linalomsumbua. Tunataka mji wa kale, ila tusirudi tumechoka hadi tushindwe kucheza harusini. Tufanyeje?
Mama wa South B, Nairobi

JIBU: Mama, pokea salamu na hongera za harusi. Kyoto ni mji wa kukaa siku kadhaa. Kutoka Tokyo, treni ya mwendo kasi huchukua zaidi ya saa mbili kwenda na vivyo hivyo kurudi, na nauli ya kwenda peke yake ni kama yeni 14,000 kwa kila mmoja. Mkishafika mtaanza tena kutafuta mabasi, maana mahekalu yenyewe yametawanyika mji mzima. Siku itaishia kwenye viti vya magari.

Nendeni Kamakura. Ni mwendo wa saa moja hivi kwa treni ya kawaida ya Yokosuka, kwa takriban yeni 1,000, na hamhitaji kuweka nafasi mapema. Nilisoma Yokohama, jirani kabisa na hapo, na wageni wangu kutoka nyumbani niliwapeleka Kamakura kabla ya mahali pengine popote. Bado naupenda mji ule, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Mwaka 1192 Minamoto no Yoritomo alipewa cheo cha shogun, yaani mkuu wa kijeshi anayetawala, na serikali ya wapiganaji ikakaa Kamakura hadi 1333, huku mfalme akibaki kwake Kyoto. Lakini nyinyi ni akina mama, na ninachotaka mkione ni barabara ya mama mmoja. Mbele ya kituo cha treni kuna barabara kuu iendayo hekalu la Shinto, dini ya asili ya Wajapani, liitwalo Tsurugaoka Hachimangu. Katikati yake kuna njia ya miguu iliyoinuliwa, imepandwa micheri pande zote mbili, inaitwa Dankazura. Yoritomo aliijenga mwaka 1182, mkewe Hojo Masako akiwa mjamzito, kumwombea ajifungue salama. Angalieni vizuri: njia inazidi kuwa nyembamba kadiri inavyokaribia hekalu, ndiyo sababu ukisimama mwanzo wake huonekana ndefu kuliko ilivyo.

Masako alijifungua salama, mtoto wa kiume, Yoriie. Akaja kuwa shogun, akapinduliwa, akauawa mwaka 1204. Mdogo wake Sanetomo akashika nafasi yake, naye akauawa mwaka 1219 pale pale hekaluni, kwenye ngazi za mawe mtakazoziona mkimaliza Dankazura. Aliyemuua ni mtoto wa Yoriie, yaani mjukuu wa Masako mwenyewe. Mama huyu akabaki bila mume na bila wana wale wawili, akashika hatamu za utawala akiwa mtawa, hadi alipofariki mwaka 1225. Kando ya ngazi palikuwa na mti mkubwa wa ginkgo ambao masimulizi husema ndiko muuaji alikojificha. Upepo uliuangusha Machi 2010, lakini kisiki kimechipua. Mimi siwezi kupita pale bila kusimama kidogo. Na mkipata nafasi, nyuma ya hekalu la Jufukuji, si mbali na kituo, kuna makaburi yaliyochongwa ndani ya mwamba, na mojawapo linasemekana kuwa la Masako.

Sasa mpango. Ondokeni Tokyo mapema, saa moja hivi asubuhi. Wenye miguu mizima washuke Kita-Kamakura, kituo kimoja kabla, ambapo lango la hekalu la Engakuji liko hatua chache tu kutoka kituoni. Lilijengwa mwaka 1282, baada ya Wamongolia kujaribu kuivamia Japani mara mbili, kwa ajili ya kuwaombea waliokufa vitani, Wajapani na maadui zao pia. Kisha tembeeni taratibu hadi Kenchoji, hekalu la mwaka 1253, mkashuke kwa miguu hadi Hachimangu.

Mwenye goti asishuke nao. Aendelee na treni hadi Kamakura pamoja na mwenzake mmoja, wanywe chai, kisha waifuate Dankazura, ambayo ni tambarare. Kutaneni saa tano kwenye lango kubwa jekundu mwanzoni mwa njia hiyo, karibu na kituo. Ngazi za Hachimangu ni kama sitini, na si lazima azipande. Msione vibaya kugawanyika kwa muda. Safari za makundi huharibika pale watu wote wanapolazimishwa kwenda mwendo mmoja, na aliyechoka akanyamaza kwa aibu.

Mchana pandeni treni ndogo ya Enoden, mshuke kituo cha tatu, Hase. Dakika kumi kwa miguu mtamfikia Buda mkubwa wa hekalu la Kotokuin, wa shaba nyeusi, urefu zaidi ya mita 11 bila msingi wake. Uundaji wake ulianza mwaka 1252. Zamani alikuwa ndani ya jengo, lakini dhoruba na mawimbi ya bahari vililibomoa, na tangu mwisho wa karne ya 15 anakaa nje kwenye jua na mvua. Mashavuni bado kuna mabaki ya dhahabu. Kwa sarafu chache unaingia tumboni mwake, na ndani utaona mistari pale vipande vya shaba vilipounganishwa, tabaka juu ya tabaka. Mkitoka, tazameni ukutani. Pametundikwa kandambili za majani ya mpunga, urefu wa karibu mita mbili. Desturi hiyo ilianzishwa mwaka 1951 na watoto wa mkoa wa Ibaraki, wakitamani Buda avae atembee Japani nzima awapelekee watu furaha.

Hapo inatosha. Rudini Tokyo kabla ya treni kujaa watokao kazini.

SWALI: Nami nina safari hiyo hiyo na marafiki watatu. Sisi ni Waislamu. Tutakula nini huko miji ya kale?
Kijana wa Pangani

JIBU: Ndugu yangu, samaki ndio mkombozi wenu. Kamakura wana shirasu, vidagaa vyeupe vinavyotandazwa juu ya wali, lakini ulizeni kuhusu mchuzi, maana Wajapani hutia mvinyo wa mchele katika vitu vingi. Tambi za rameni ziacheni, supu yake mara nyingi ni ya mifupa ya nguruwe. Bebeni maandishi ya Kijapani yanayosema msichokula, mwenye mkahawa ayasome mwenyewe.

Njia rahisi zaidi: mkiwa Tokyo, siku ya kabla, piteni Tokyo Camii, msikiti mkubwa ulio karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara. Jengo la sasa lilikamilika mwaka 2000, na pana duka la vyakula halali. Swalini hapo, nunueni vya njiani. Ila msivile ufukweni Yuigahama mkiwa mmesimama wazi: mwewe wa pale hunyakua chakula mkononi kama wanavyofanya wa kwetu kwenye viwanja vya shule. Kaeni chini ya paa, na taka zenu mrudi nazo mfukoni, kwa kuwa mapipa ya taka barabarani ni nadra.