Kisanskriti Ni Lazima, Lakini Usikiache Peke Yake

Juzi mwanafunzi mmoja wa chuo ameniandikia: "Mwalimu, nataka kubobea katika historia ya kale ya India. Nianze na Kisanskriti, lugha ya kale ya wasomi wa huko?" Ujumbe wake umenikuta na furaha, kwani makala yangu kuhusu mwamba wa Junagadh, wenye maandishi ya kale, kule Gujarat, magharibi mwa India, imekubaliwa kuchapishwa.

Nimeingoja siku hii. Nilipokuwa masomoni, profesa mmoja alinikatiza mbele ya wenzangu, akasema asiyejua Kisanskriti anyamaze. Neno lile linaniuma mpaka leo. Nikajifunza: nomino zinazobadilika umbo kwa hali nane kufuatana na kazi yake katika sentensi, umoja, uwili na wingi, maneno yanayoshikana usijue lipi limeishia wapi. Miaka hiyo nairuka, waliopita huko wanaijua.

Mwamba wenyewe una maandishi ya wafalme watatu wa zama tofauti. Ya Ashoka, karne ya 3 KK, ni ya Kiprakriti, lugha ya kawaida ya watu iliyo jamaa ya Kisanskriti. Ya Skandagupta ni ya karne ya 5 BK. Katikati yao ni Rudradaman, kwa Kisanskriti fasaha: dhoruba ilibomoa bwawa la Sudarshana, lililojengwa enzi za Chandragupta Maurya, naye akalijenga upya bila kuwatwisha raia kodi. Niliyasoma bila tafsiri ya mtu, na najivunia.

Ila ni lini? Maandishi yanasema mwaka wa 72, hayataji kalenda. Sarufi yako yote haikufikishi hapo. Wataalamu wa sarafu wameupanga ukoo wa kifalme wa Rudradaman, kwa kuwa sarafu zao za fedha hubeba jina la mfalme na la baba yake. Ptolemaios wa Alexandria, mwanajiografia wa karne ya 2 BK aliyeandika kwa Kigiriki na kuitaja hata Rhapta ya pwani yetu, anamtaja mtawala wa Ujjain, mji wa India, aitwaye Tiastanes. Huyo ni Chashtana, babu yake Rudradaman. Basi hesabu kwa kalenda ya Saka, ya Kihindi, inayoanzia mwaka 78 BK: unapata 150. Na tuta la bwawa lilipita wapi? Waulize waakiolojia waliotembea bondeni.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na Kisanskriti, kila siku, hata ukiwa umechoka. Usimruhusu mtu akufungie mlango kwa sababu ya lugha, na wewe usiikimbie lugha kwa uvivu. Soma kila siku, narudia. Hati ya Brahmi, mwandiko wa kale uliochongwa mwambani, ijifunze mapema, maana Devanagari, mwandiko wa Kisanskriti wa siku hizi, pekee haitakusomea mwamba. James Prinsep, aliyeifumbua Brahmi mwaka 1837, alikuwa mpimaji wa madini katika kiwanda cha sarafu cha Kolkata, na alisaidiwa na wanazuoni wa Kisanskriti wa pale pale. Kwa hiyo mwaka huu huu tafuta darasa la sarafu, na mtu wa akiolojia wa kukaa naye.